Kulala na Kukoga kwenye Hoteli za Maji Moto: Mwongozo kwa Familia Inayosafiri Singida

  

Baba mmoja wa Unguja ametuuliza. Ana mtoto wa kike anayesomea ualimu Kinampanda, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Familia inakwenda kumtembelea, na katika kurudi wanataka kulala siku tatu kwenye hoteli ndogo yenye bwawa la maji moto ya chemchemi, kwa sababu mama wa nyumba anasumbuliwa na magoti. Anaongeza kuwa walipokwenda mahali kama hapo zamani, wanaume na watoto walikoga, mama akakaa kivulini na buibui lake akiwatazama mpaka safari ikesha. Anauliza: je, inafaa kwenda? Maji yale yanafaa kwa udhu na josho? Na mama afanye nini?

Jawabu kwa ufupi: inafaa kwenda, na maji yenyewe ni twahara. Linaloifanya safari hii iwe ya kheri au ya madhambi ni mambo matatu tunayokwenda nayo wenyewe: stara, itikadi na swala. Tutayaeleza moja moja, na suala la mama hatutaliruka.

1. Maji haya ni nini?

Mvua huzama ardhini, hufika kwenye miamba yenye joto, kisha hupanda tena kupitia nyufa huku yakibeba chumvi na madini, na mara nyingi harufu ya kiberiti. Ndiyo maana chemchemi hizi ni nyingi kando ya Bonde la Ufa. Tanzania zipo Songwe upande wa Mbeya, Mtagata mkoani Kagera, Amboni karibu na Tanga, na mkoa wa Singida nao umo katika ukanda huo. Kenya wanazo Bogoria, penye hoteli yenye bwawa la maji ya chemchemi katika nchi kavu ya Baringo, na Olkaria karibu na Naivasha. Wenye jamaa zao Oman wanaijua Ain al-Kasfah ya Rustaq, ambako watu hukoga kwa ajili ya ngozi na viungo tangu zamani.

Basi ni neema ya Allah miongoni mwa neema Zake. Na katika Qur'ani, Sura Swaad aya ya 42, Nabii Ayyub (a.s.) katika maradhi yake aliamrishwa apige ardhi kwa mguu, yakatoka maji ya kukogea na ya kunywa. Kutafuta nafuu kwa maji si jambo geni katika dini yetu.

2. Udhu na josho kwa maji ya chemchemi

Maji yaliyobadilika rangi, ladha au harufu kwa sababu ya mahali yanapotoka au yanapopita, kama kiberiti na chumvi ya ardhini, yanabaki twahara na yanatwaharisha. Hii ni kauli mashuhuri ya wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi. Harufu ile isikutie wasiwasi.

Wengine huchanganya suala hili na lile la maji yaliyopata moto kwa jua ndani ya chombo cha madini, ambayo baadhi ya mafakihi wameyachukia. Maji yaliyopata moto ndani ya ardhi hayamo katika makatazo hayo. Linalochukiza ni kutumia maji ya moto mno au ya baridi mno, kwa sababu mtu huchomeka na akashindwa kueneza maji kwenye viungo ipasavyo. Yakiwa hayashikiki, yateke, yaache yapoe. Huruhusiwi kutayammam kwa sababu hiyo maadamu yatapoa kabla ya wakati kutoka.

Mambo manne ya kuangalia:

Kwanza, bwawa kubwa lililozidi kulateni mbili, yaani takriban lita 200, halinajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka libadilike. Lakini beseni au birika dogo la chumbani lisilofika kiwango hicho likiingiwa na najisi linanajisika hata kama halikubadilika.

Pili, mwenye josho la wajibu akizama bwawani kwa nia, maji yakaenea mwili mzima na nywele, josho lake limesihi. Katika birika dogo, bora ateke kwa kata na ajimwagie, maji yasije yakawa mustaamal kwa atakayefuata.

Tatu, chumvi ikiganda juu ya ngozi ikawa tabaka linalozuia maji, iondoshe kabla ya udhu. Ikiwa ni rangi au utelezi tu, haidhuru.

Nne, usipandishe maji ya bwawa puani. Madaktari wanaeleza kuwa katika maji baridi yasiyo na chumvi yaliyopata uvuguvugu huweza kuwamo kijidudu kinachopita puani kikafika kwenye ubongo. Ni nadra, lakini kinaua. Kupandisha maji puani ni sunna kwetu, na sunna hiyo uifanye kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

3. Stara

Mtume (s.a.w.) amemkataza mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho asiingie hamamu bila ya shuka, kama alivyopokea Tirmidhi kutoka kwa Jabir (r.a.). Bwawa la hoteli lina hukumu hiyo hiyo. Mwanamme avae nguo inayofunika kuanzia kitovu mpaka magotini, tena isiyobana wala kuonyesha ikirowa. Chupi za kuogelea wanazovaa watalii hazitoshi.

Mwanamke hakogi mbele ya wanaume wasio maharimu zake, hata akivaa nguo ndefu, kwa sababu nguo ikirowa hushika mwili. Mbele ya wanawake wenzake Waislamu, uchi wake ni baina ya kitovu na magoti. Mbele ya wanawake wasiokuwa Waislamu ajistiri zaidi, asionyeshe ila kile ambacho kwa kawaida huonekana mtu akiwa katika kazi za nyumbani. Na siku hizi kila mkono una simu: picha za bwawani zisipigwe, hata zikiwa za kwenu wenyewe, kwa sababu hujui zitafika wapi.

Kukandwa mwili: mwanamme akandwe na mwanamme, mwanamke na mwanamke, na sehemu za uchi zisiguswe.

4. Haki ya mama

Hapa ndipo penye uzito wa swali. Zipo riwaya zinazomkataza mwanamke kuingia hamamu, na katika moja iliyomo katika Abu Daud ametolewa mgonjwa na mzazi. Isnadi yake imesemwa kuwa na udhaifu, lakini mafakihi wameikubali maana yake: mwanamke mwenye haja, kama vile maradhi, anaruhusiwa akiwa amestirika. Mama mwenye maumivu ya magoti ndiye hasa aliyekusudiwa na ruhusa hii.

Sasa tazameni lililotokea. Safari ilifanywa kwa jina lake, wenye miguu mizima wakakoga, na mgonjwa akalinda viatu. Hiyo si stara. Stara ni jukumu la mwenye kupanga safari kabla ya kulipa pesa. Mume amewajibishwa kukaa na mkewe kwa wema, na ni katika wema kuuliza hoteli: je, mna saa za wanawake peke yao? Mna birika la faragha lenye mlango? Hoteli ndogo zina wageni wachache, na mara nyingi ukiomba saa moja alfajiri au usiku baada ya chakula, watakukubalia. Wakikataa, omba maji yaletwe kwa ndoo bafuni. Goti halijui tofauti ya bwawa na beseni. Haya yote yakishindikana, tafuteni mahali pengine. Haya ya mwanamke isigeuzwe sababu ya kumnyima dawa.

5. Itikadi

Joto hulegeza misuli na hupunguza maumivu ya viungo. Hiyo ni sababu, na mwenye kuponya ni Allah. Ukikoga useme Bismillah, uombe shifaa kwake Yeye.

Katika baadhi ya chemchemi watu huacha sarafu, huchinja, au husema na wenye mahali. Muislamu hashiriki, hata kwa utani, hata kama mwenyeji amesema ni mila tu. Kuchinja na kuomba ni ibada, na ibada ni ya Allah peke yake. Kataa kwa adabu, usiwatukane wenyeji. Na mama asiache vidonge vyake vya presha au sukari kwa kuambiwa maji yanatosha.

6. Swala safarini

Kutoka Unguja mpaka Iramba ni mamia ya kilomita. Kwa madhehebu ya Shafi, safari iliyofika marhala mbili, kiasi cha kilomita 82, inaruhusu kupunguza swala za rakaa nne kuwa mbili, na kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Ukinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, unatimiza. Siku tatu za hotelini, basi, hazikutoi katika hukumu ya msafiri. Ndugu zetu Maibadhi wana masafa mafupi zaidi, nao hupunguza maadamu hawakupafanya mahali hapo kuwa makazi yao. Kila mmoja afuate alivyofundishwa. Ukiswali nyuma ya imamu mwenyeji, timiza pamoja naye.

Nyakati: msitumie ratiba ya Unguja. Iramba iko magharibi yetu, na jua huko huchwa baada ya Unguja kwa dakika kama 20. Mwenye kuswali Magharibi au kufuturu kwa saa ya nyumbani, ameswali kabla ya wakati na amefungua kabla ya jua kuchwa, naye atalazimika kulipa. Fuateni adhana ya msikiti wa pale.

Kibla: kwetu Unguja ni karibu kaskazini moja kwa moja. Kinampanda ni kaskazini, kisha mnageuka kidogo kulia kuelekea mashariki, kiasi cha digrii 11.

7. Tahadhari za afya

Chemchemi nyingine, kama za Bogoria, zinatokota. Mtoto asikaribie peke yake. Pima kwa kiwiko kabla ya kuingia. Maji yakifika kiasi cha nyuzi 40, dakika 10 mpaka 15 zinatosha, kisha utoke unywe maji. Mja mzito, mwenye maradhi ya moyo au presha ya kupanda wamuulize daktari kwanza. Mwenye sukari aliyekufa ganzi miguu asijiamini, maana huungua bila kuhisi. Chukueni na nguo za baridi: nchi ya Iramba ni ya juu, na usiku wa Juni na Julai si wa kivazi cha Unguja.

8. Kabla ya kulipa, ulizeni

Kuna saa au mahali pa wanawake peke yao? Nyama inachinjwa na nani? Ulevi unauzwa mezani pale pale tunapokula? Mtume (s.a.w.) amekataza kukaa kwenye meza inayozungushiwa ulevi, basi ombeni mletewe chakula chumbani. Na chumba kina maji safi ya udhu?

Majibu yakiwa mazuri, nendeni mkapumzike, na mama awe wa mwanzo kuingia majini. Allah ampe shifaa, awarejeshe kwa salama, na amfungulie binti yetu katika masomo yake. Amin.

Wallahu a'lam.