Miaka 160 ya mpira wa meno: zawadi tuliyoiacha kabatini

MACHI 15, 2024 ilitimia miaka 160 tangu daktari wa meno wa jimbo la New York, Marekani, Sanford Christie Barnum, alipotoboa kipande cha mpira, akakivisha jino la mgonjwa na kufanya kazi yake bila kusumbuliwa na mate. Wengi wetu tumetibiwa meno miaka nenda rudi bila kukiona kifaa hicho, ingawa hakuna kifaa rahisi kuliko hicho katika chumba cha daktari: ni mpira mwembamba wa mraba, wenye tundu dogo, unaobanwa kwenye jino kwa kibanio cha chuma na kunyooshwa kwa fremu. Jino linalotibiwa linabaki nje, peke yake na kavu. Ulimi, mate na koo hubaki upande wa pili.

Barnum alikuwa na shida iliyowakabili madaktari wote wa zama zake. Tangu mwaka 1855, Robert Arthur alipoonyesha kwamba karatasi nyembamba za dhahabu safi zinaweza kugandamizwa ndani ya tundu la jino zikashikana bila moto, ujazaji wa meno ulipata sura mpya. Lakini dhahabu hiyo haishikani ikilowa. Tone moja la mate lilitosha kuharibu kazi ya saa nzima. Madaktari walijaza vinywa vya wagonjwa leso na vitambaa, na bado mate yaliwashinda, hasa kwenye magego ya chini. Mpira wa Barnum uliimaliza shida hiyo.

Mara baada ya kuona kwamba kifaa chake kinafanya kazi, Barnum aliwapa wenzake wote bure. Hakukiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, wala hakudai ada. Ili kuupima ukubwa wa uamuzi huo, ni lazima kutazama yaliyotokea kwa mpira mwingine wa meno mwaka huohuo.

Charles Goodyear alikuwa amegundua mwaka 1839 namna ya kuuimarisha mpira kwa salfa na joto. Baadaye ndugu yake, Nelson, akapata hataza ya mpira mgumu. Mpira huo mgumu ulifaa sana kutengenezea ufizi wa meno bandia. Kabla yake, meno bandia bora yalikaa juu ya bamba la dhahabu, na mtu wa kawaida hakuweza kuyanunua. Mpira uliyashusha bei, na watu wa kipato cha chini nao wakaanza kutafuna kwa raha.

Hapo ndipo anapoingia John Cummings, daktari wa Boston. Kumbukumbu za shauri lililofika Mahakama ya Juu ya Marekani zinamweleza kwa huruma: aliomba hataza ya meno bandia ya mpira mgumu katika miaka ya 1850, akakataliwa, na kwa umaskini wake akashindwa kuendelea kuidai. Alirudi tena akiwa amepata wa kumsaidia, na Juni 7, 1864, chini ya miezi mitatu baada ya siku ya Barnum, akapewa. Haki hiyo ikaangukia mikononi mwa kampuni iliyoitwa Goodyear Dental Vulcanite, na mweka hazina wake, Josiah Bacon, akaifanya kuwa kazi ya maisha yake.

Bacon alimtaka kila daktari anayetengeneza meno ya mpira alipe ada ya leseni kila mwaka, na juu yake malipo kwa kila seti ya meno. Asiyelipa alishitakiwa. Madaktari walichangishana fedha za mawakili, wakapinga, wakashindwa. Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake katika shauri la daktari Smith, kampuni ndiyo iliyoshinda. Tangu hapo Bacon aliwafuata madaktari mji kwa mji, na kwa wengi wao jina lake likawa la kutisha.

Mmoja wa waliofuatwa alikuwa Samuel Chalfant. Alikuwa akifanya kazi Wilmington, Delaware, kabla ya kuhamia magharibi, na mwishowe akatua San Francisco. Kesi zikamfuata hadi huko. Aprili 13, 1879, Jumapili ya Pasaka, Chalfant alikwenda chumbani kwa Bacon katika Hoteli ya Baldwin akiwa na bastola. Bacon alipigwa risasi, akafa. Chalfant alijisalimisha, akasema hakukusudia kuua, akahukumiwa kifungo cha miaka 10 katika gereza la San Quentin. Hataza iliisha mwaka 1881, na meno ya mpira yakawa ya kila mtu.

Hayo ndiyo yaliyozaliwa na mpira uliofungiwa. Mpira wa Barnum haukumpeleka mtu mahakamani wala kaburini. Uliboreshwa na wenzake: mwaka 1882 ikaingia sokoni mashine ndogo ya kuutoboa, na Delous Palmer akatoa vibanio vya meno ya aina mbalimbali.

       

Sababu za kutumia mpira wa Barnum zimeongezeka tangu siku za dhahabu. Tiba ya mzizi wa jino inafanikiwa pale bakteria wanapoondolewa, na mate yamejaa bakteria. Mpira huzuia pia sindano ndogo za kusafishia mzizi zisimezwe au kuingia kwenye njia ya hewa, na huulinda ufizi dhidi ya dawa kali. Miongozo ya Ulaya kuhusu tiba ya mzizi inautaka. Wenye mzio wa mpira wa asili wana vipande vya aina nyingine.

Hata hivyo, tafiti za nchi mbalimbali, zikiwamo tajiri, zimeonyesha kwamba madaktari wengi hufundishwa kuutumia chuoni kisha wakauacha kazini, wakisema unachukua muda au wagonjwa hawaupendi. Hoja hizo hazitoshi. Kuuvisha ni kazi ya dakika chache kwa aliyezoea, na mgonjwa aliyeelezwa sababu hawezi kuukataa kirahisi. Hospitali zinazonunua viti vya meno vya mamilioni hazina udhuru wa kukosa kipande cha mpira.

Nawe msomaji, utakapoambiwa kwamba jino lako linahitaji tiba ya mzizi, muulize daktari kwa heshima kama atatumia mpira wa kulitenga jino. Barnum aliutoa bure kwa ajili yako, na una haki ya kuudai.