Goma, mji wa ziwa

Goma husimuliwa kama mji wa volkeno, lakini historia yake imeandikwa zaidi majini. Mipaka ya 1910 ilikiweka kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, upande wa Wabelgiji, na tangu hapo boti ndizo zilizokiunganisha na Goma, Minova, Kalehe na Bukavu. Ukisimama katika bandari ya Kituku mjini Goma boti ya Minova inapotia nanga, utaona mikungu ya ndizi na magunia ya maharage yakishushwa mabegani: hicho ndicho chakula cha mji. Mapigano ya 2024 yalipofunga barabara ya kuingia Goma kupitia Sake, ni ziwa lililobaki wazi.

Wapo watakaosema kwamba Kivu ni hatari, na watataja boti ya Merdi iliyozama karibu na Kituku tarehe 3 Oktoba 2024, ikaua watu wengi. Uchungu huo ni wa haki. Lakini boti ile ilijazwa kupita kiasi, wala hilo si kosa la ziwa. Bandari iliyoulisha mji miaka yote inastahili gati imara, maboya ya kuokolea na ukaguzi wa kweli. Kuipuuza ni kuwapuuza wanaoitegemea.