Vyakula vya sikukuu katika ufundishaji wa hisabati

Matumizi ya vyakula vya sikukuu katika ufundishaji wa hisabati ni njia ambayo kwayo mwalimu wa shule ya msingi huwapa wanafunzi vyakula vinavyoliwa wakati wa Krismasi, Pasaka au Idi ili wavihesabu, wavipime na kuvigawa, kabla ya kuandika tendo hilo kwa tarakimu. Makala hii inahusu hasa jinsi njia hiyo inavyofaa mazingira ya Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro, nchini Tanzania, ambako sikukuu huambatana na kugawana ndizi na nyama.

Asili

Wazo la kumpa mtoto kitu cha kushika kabla ya kumpa namba ni la zamani. Mswisi Johann Heinrich Pestalozzi (1746–1827) alisisitiza kwamba mtoto aanze na vitu anavyoviona. Mjerumani Friedrich Fröbel (1782–1852), mwanzilishi wa shule za chekechea, aliwapa watoto njegere zilizolowekwa na vijiti vyembamba ili waunganishe maumbo. Marekani njia hiyo iliingia katika pipi na chokoleti: mwaka 1994 Barbara Barbieri McGrath alitoa kitabu cha watoto cha kuhesabia kwa kutumia pipi za M&M's, na walimu wengi huko hutumia peremende za Krismasi kwa kupanga rangi na kuchora grafu.

Nchini Tanzania zana za kuhesabia zimekuwa zaidi zile zisizonunuliwa: vijiti, mawe madogo, vizibo vya soda, punje za mahindi na maharage. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 uliweka mkazo kwenye stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK. Kwa hiyo kuleta chakula darasani si jambo geni kwa mwalimu wa Moshi. Kinachoongezwa na sikukuu ni sababu ya kuhesabu, maana siku hiyo kila mtoto anajua kwamba kuna atakayepata na kuna atakayepunjwa.

Kalenda

Shule za msingi za Tanzania kwa kawaida hufungwa mapema mwezi Desemba na kufunguliwa Januari. Krismasi yenyewe, ambapo Wachagga wengi wanaoishi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurudi mlimani, huwakuta wanafunzi nyumbani. Somo la Krismasi basi hufaa mwezi Novemba, kama matayarisho ya mgawanyo watakaouona baadaye. Idi hutangulia kwa siku 11 hivi kila mwaka ukilinganisha na kalenda ya kawaida, hivyo baadhi ya miaka huangukia katikati ya muhula.

Ndizi

Ndizi ni zao kuu la chakula katika vihamba, yaani mashamba ya mchanganyiko yanayozunguka nyumba za Wachagga. Kihamba cha Shimbwe Juu, wilaya ya Moshi Vijijini, kilitambuliwa na FAO mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Kutoka kihambani hupatikana ndizi za mtori, za machalari na za mbege, ingawa hiyo ya mwisho, kwa kuwa ni pombe, haina nafasi darasani.

Mkungu umegawanyika katika chane, na chane katika vidole. Kwa mtazamo wa kwanza ni jedwali la kuzidisha lililoning'inia mgombani. Lakini chane za juu huwa na vidole vingi kuliko za chini, na hapo ndipo somo linapokuwa zuri. Tuseme mkungu una chane 7 zenye vidole 18, 17, 16, 16, 15, 14 na 12. Mwanafunzi atakayeshika chane ya katikati na kuzidisha 7 × 16 atapata 112. Atakayehesabu vyote atapata 108. Tofauti ya vidole 4 inamwonyesha kwamba kuzidisha kunahitaji mafungu yaliyo sawa, na kwamba kadirio linaweza kuwa karibu bila kuwa sahihi. Vidole 108 vikigawanywa kwa nyumba 9, kila nyumba hupata 12 bila baki. Kwa nyumba 10, kila moja hupata 10 na hubaki 8. Hizo 8 apewe nani? Darasa la tatu linaweza kubishana juu ya swali hilo hadi kengele ilie.

Nyama na maana ya kugawa

Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana: kugawa, kugawanya na kugawana. Vitabu vya hisabati hutumia kugawanya, na humaanisha mafungu sawa. Mlimani kugawana nyama ni jambo lingine. Mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann (1876–1966), aliyefanya kazi Old Moshi, aliandika kwa kirefu juu ya sheria na desturi za Wachagga, na mwanaanthropolojia Mmarekani Sally Falk Moore, aliyeanza utafiti wake huko miaka ya 1960, alieleza jinsi sehemu za mnyama aliyechinjwa zinavyofuata ukoo na ukubwa wa mtu. Mtoto aliyekwisha kuona babu akipewa sehemu yake kwanza hashangai kwamba mafungu hayalingani. Mwalimu anayesema tu "gawanyeni" anaweza kupata majibu ambayo si makosa kwa desturi ya nyumbani.

Mfano unaounganisha pande hizo mbili ni ng'ombe wa kuchangia. Kaya 8 zinanunua ng'ombe na kupata kilo 120 za nyama. Zikichanga sawa, kila kaya hupata kilo 15. Lakini kama kaya 2 zilichanga maradufu, mafungu ni 10 ya kilo 12: hizo mbili hupata kilo 24 kila moja, na sita zilizobaki kilo 12. Darasani nyama huwakilishwa na punje 120 za mahindi. Huo ni uwiano, na wanafunzi wengi huuelewa hapa kabla ya kulisikia neno lenyewe.

Chapati, karanga na fitri

Chapati ikikunjwa mara tatu hutoa nusu, robo na thumni. Ikimenywa kwa mkono bila kukunjwa, vipande havilingani na mtoto aliyepewa kidogo husema mara moja. Karanga, ambazo maganda yake mara nyingi huwa na punje 2, zinafaa kuhesabu kwa mbili. Ganda lenye punje 1 au 3 huvuruga hesabu na kulazimisha kuhakiki.

Kwa Idi kuna hesabu iliyo tayari katika dini yenyewe. Zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, na pishi ni vibaba 4. Nyumba ya watu 7 hutoa pishi 7, yaani vibaba 28. Pishi ya mchele ikikadiriwa kuwa kilo 2.5, jumla ni kilo 17.5.

Matatizo

Pingamizi la kwanza ni la adabu: mtoto hufundishwa asichezee chakula. La pili ni zito zaidi. Darasani wapo waliokuja bila kunywa chai, na kumwekea mtoto mwenye njaa andazi la kuhesabu ni kumpa mtihani wa subira badala ya hesabu. Ubaya huongezeka pale chakula kinapofanywa zawadi ya aliyepata jibu, kwa sababu mwenye njaa ndiye anayeshindwa kutulia na ndiye anayekosa. Utaratibu unaofaa ni wote wale, baada ya wote kuandika. Kuwaagiza wazazi walete vyakula nako huwaaibisha wasio na uwezo. Ndizi za shamba la shule, pale lilipo tangu enzi za Elimu ya Kujitegemea (1967), hazimgharimu mzazi. Katika mwezi wa Ramadhani wapo wanafunzi wanaofunga, hivyo somo la kula lisubiri.

Kuna pia tatizo la kujifunza kwenyewe. Mwaka 2009 Nicole McNeil na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba watoto waliopewa noti na sarafu zinazofanana na za kweli walikosea zaidi katika mafumbo ya hesabu kuliko wasiopewa, ingawa makosa yao ya kutoelewa dhana yalikuwa machache. Kitu kinachovutia huiba macho kutoka kwenye namba, na chakula huvutia kuliko noti.

Kwa upande wa afya, mikono inawwe kwanza, na mwalimu aulize kama yupo asiyepatana na karanga. Maharage makavu yasiliwe mabichi, kwa kuwa aina nyingine zina sumu inayoondolewa kwa kuchemshwa vizuri, na watoto wadogo wasiachwe nayo peke yao kwa sababu huyaingiza puani na masikioni. Yakishahesabiwa pamoja na mahindi huoshwa na kwenda jikoni kuwa makande, na kiasi cha kila kimoja kwa idadi ya wanafunzi waliopo siku hiyo kinaweza kuwa swali la mwisho ubaoni.