Tuma haina kinyume

Mwaka jana nilituma shilingi 50,000 za dawa za presha za mama kwa mtu nisiyemjua. Nilikosea tarakimu moja. Nikabaki nimeikodolea macho simu, nikitafuta pa kubonyeza ili nirudi nyuma.

Kwenye kompyuta, pa kubonyeza pana umri mkubwa kuliko wangu. Mwaka 1976 watafiti wawili wa IBM, Lance Miller na John Thomas, waliandika kwamba ingefaa mtumiaji aweze kuibatilisha walau amri yake ya mwisho. Lisa ya Apple ilipotoka mwaka 1983, kutendua kulipewa herufi Z, jirani na X, C na V, pale vidole vinapofika bila taabu. Ukifuta aya, inarudi, kwa sababu karatasi ni yako na haijatoka mezani.

Simu haikuwa na nafasi ya vitufe hivyo. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, iliuzwa bila njia ya kutendua maandishi. Njia ilikuja mwaka 2009: unaitikisa simu. Wengi waliigundua kwa bahati, simu ilipowatikisikia mkononi.

Lakini shida kubwa zaidi ilikuwa kwamba kwenye simu kazi yetu kubwa ni kutuma. Mwaka huohuo wa 2009, Gmail ilianza kuturuhusu kuirudisha barua tuliyokwisha kuituma. Ukweli ni kwamba barua ilikuwa haijaondoka. Ilishikiliwa mlangoni kwa sekunde chache. Mwaka 2017 WhatsApp iliruhusu kufuta ujumbe kwa wote, ila iliacha alama kwamba kulikuwa na ujumbe. Huduma nyingi za pesa nazo sasa huonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Gmail na huduma hizo za pesa zinafanya jambo moja: zinakuchelewesha kidogo, kwa kuwa maji yakimwagika hayazoleki.

Kiswahili kilijua hili zamani. Tuna funga na fungua, panga na pangua, tega na tegua. Ndiyo maana tenda na tendua vinaingia masikioni kirahisi. Lakini tuma? Sijawahi kusikia kinyume chake.

Pesa zangu zilirudi siku ya tatu, zikiwa zimepungua 10,000. Mama yule aliniomba radhi, akasema alishanunua unga. Nilimshukuru. Siku hizi nasoma jina mara mbili.