Hakuna wa Kumtangulia Kirangozi: Mwendo wa Misafara ya Buganda

Kila mwaka, mwishoni mwa Mei, barabara za kuingia Kampala hujaa watu wanaotembea kwa miguu. Wapo wanaotoka Masaka, Mbarara na Fort Portal, na wapo wanaovuka mpaka wa Busia kutoka Kenya. Wote wanakwenda Namugongo kuadhimisha tarehe 3 Juni, siku ambayo Wakristo wengi walichomwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Waliokwisha kuhiji mara kadhaa huwaonya wageni juu ya mwendo kabla ya kuwaonya juu ya umbali. Anayefuata hatua za mwenzake mwenye nguvu siku ya kwanza, siku ya tatu miguu humvimba akashindwa kuvaa viatu.

Swali la mwendo si geni katika nchi hii. Insha hii inalichunguza katika misafara ya karne ya 19 iliyounganisha Buganda na pwani. Hoja yangu ni kwamba mwendo wa taratibu wa wapagazi, ambao wasafiri wa Ulaya waliulalamikia mara kwa mara kuwa ni uvivu, ulikuwa ujuzi wenye kanuni zake.

Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suna mwaka 1844. Speke, akiwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay katika msafara wake, alifika kwa Mutesa mwezi wa Februari 1862. Njia ilitoka pwani, ikapita Tabora na Karagwe, kisha ikaingia Buganda. Mpagazi, ambaye mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, alibeba takriban frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Kwa mzigo huo haiwezekani kutembea kutwa kwa miezi mfululizo. Kwa hiyo msafara uliondoka alfajiri, ukatembea saa chache, na kabla jua halijawa kali ukapiga kambi. Alasiri ilikuwa ya kupika, kufunga mizigo upya na kupumzisha miguu.

Hata Stanley, aliyejulikana kwa kuwakimbiza watu wake, hakuweza kuivunja hesabu hiyo. Aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 na kufika kusini mwa Ziwa Victoria tarehe 27 Februari 1875, baada ya kutembea karibu kilomita 1,150. Ukigawa umbali huo kwa siku zote, pamoja na zile za kupumzika, unapata kilomita 11 hivi kwa siku. Aliondoka na watu zaidi ya 350, na alipofika ziwani karibu nusu yao hawakuwapo tena. Sisemi kwamba haraka peke yake ndiyo iliyowamaliza, kwani palikuwa na njaa, maradhi, mapigano na utoro. Lakini mtu aliyechoka kupita kiasi ndiye wa kwanza kushindwa na njaa na maradhi.

Kanuni za njiani zinaonyesha jinsi mwendo ulivyolindwa. Burton, aliyesafiri kutoka pwani mwaka 1857, aliandika kwamba mbele ya wote alitembea kirangozi, na hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Aliyefanya hivyo alichomolewa mshale katika podo lake ili atambuliwe kambini na kutozwa faini. Nyuma ya kirangozi, hata hivyo, hapakuwa na sheria ya kukanyagana visigino. Penye njia panda, waliotangulia waliziba njia isiyofaa kwa matawi au kuchora mstari chini, ili aliyebaki nyuma asipotee. Kwa maneno mengine, kanuni ilimzuia mwenye haraka na kumsubiri mwenye kuchelewa. Kati ya hao wawili, kila mpagazi alitafuta hatua yake mwenyewe.

Mwendo huo ulibadilika pale tu nchi ilipodai. Katika nyika zisizo na maji kama Mgunda Mkali, misafara iliterekeza: watu walipika na kunywa, wakaondoka mchana, wakalala bila maji, wakafika kisimani kesho yake asubuhi. Waliharakisha kwa sababu waliijua njia, na walikuwa wameziweka akiba nguvu zao kwa siku kama hiyo.

Tusiipambe historia hii. Katika njia hizohizo walipita watumwa waliofungwa minyororo, na hatua yao ilipimwa na mwenye kuwaswaga. Wahanga wa 1886 nao walipelekwa kutoka Munyonyo hadi Namugongo wakiwa wamefungwa. Kuchagua mwendo wako, basi, lilikuwa jambo la mtu huru.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931, na kazi ya upagazi wa masafa marefu ikafifia. Methali ya pole pole ndio mwendo imebaki, ingawa mara nyingi tunaitumia kumtuliza mtu mwenye pupa. Mpagazi aliyekuwa na frasila mbili begani angeielewa kama maelezo ya kazi yake. Naye hujaji wa leo anayekubali kuachwa nyuma siku ya kwanza, ili afike Namugongo kwa miguu yake mwenyewe, anairudia kanuni ileile, tena katika njia ambayo wale anaowaadhimisha hawakupewa nafasi ya kuchagua hatua zao.