Kulala, kupiga goti au kusimama? Ugomvi wa siku nyingi wa walenga shabaha kwa bunduki

Juni 2017, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ilipitisha orodha ya mashindano ya Tokyo. Shindano moja la zamani halikuwemo: bunduki mita 50 kwa wanaume, mlengaji akiwa amelala kifudifudi. Kuna watu walikuwa wamelala kwenye mikeka hiyo miaka ishirini na zaidi wakitafuta medali. Wakaambiwa basi, imetosha.

Kwa mtu wa nje, bunduki ni bunduki. Waulize wenyewe sasa. Kila mtindo una watu wake, sheria zake, koti lake na kiburi chake, na kila mmoja atakuambia kwamba wa kwake ndio unaompima mlengaji wa kweli.

Mikao mitatu, kambi mbili

Kwenye mita 50, risasi ni ndogo, ya kipenyo cha milimita 5.6. Duara la katikati, lenye pointi 10, lina upana wa milimita 10.4, kama kifungo cha shati hivi. Mlengaji haruhusiwi darubini juu ya bunduki. Anachungulia kwenye tundu dogo tu.

Kuna shindano la mikao mitatu: unapiga goti, unalala, halafu unasimama. Na kulikuwa na lile la kulala peke yake.

Watu wa mikao mitatu huwaona wanaolala kama waliochagua njia ya mkato. Ukilala, viwiko vyote viwili viko chini, mkanda umefungwa mkononi na kushika bunduki, na ardhi inakubeba. Ukisimama, huna kitu. Mapigo ya moyo yanaitikisa bunduki, mgongo unachoka, pumzi inahama. Ndiyo maana wengi husema medali ya mikao mitatu huamuliwa kwenye kusimama.

Waliolala wana jibu lao, na si jibu dogo. Kwa kuwa mkao unamtuliza kila mtu, hakuna nafasi ya kukosea. Risasi 60, na ukipata 9 moja tu, kuna mtu pembeni yako ambaye hakuipata. London 2012, Sergei Martynov wa Belarus alipiga risasi 60 na zote zikaingia kwenye 10. Alama 600 kati ya 600. Akaenda fainali na kumaliza na 705.5, rekodi ya dunia.

Kisha kuna upepo. Risasi hii ndogo haina mbio sana, na upepo unaobadilika kidogo tu unaitoa kwenye 10. Anayelala anatazama bendera ndogo uwanjani kama mvuvi anavyotazama mawingu. Kulala si kupumzika.

Tangu 2013, shirikisho la kimataifa la mchezo huu (ISSF) lilianza kuhesabu desimali kwenye mchujo wa kulala: 10 yenyewe ikagawanywa kuanzia 10.0 hadi 10.9. Kumi zote zikaacha kuwa sawa. Alama ya juu kabisa ikawa 654, na hapo mchezo ukazidi kuwa mgumu, miaka michache tu kabla haujatolewa.

Kwa nini wao?

Sababu iliyotolewa ilikuwa usawa wa kijinsia. Rio 2016, kulenga shabaha kulikuwa na mashindano 9 ya wanaume na 6 ya wanawake. Matatu ya wanaume yakaondolewa, mojawapo likiwa hili la kulala, na nafasi zake zikachukuliwa na timu mchanganyiko za mwanamume na mwanamke. Kwa upande wa bunduki, aliyefaidika ni bunduki ya upepo, mita 10.

Bunduki ya upepo ni kitu kingine kabisa. Unasimama, uko ndani ya ukumbi, hakuna upepo wa kusoma, hakuna baruti. Duara la 10 ni nukta ya nusu milimita. Yaani alama ya kalamu! Haihitaji uwanja mkubwa, kelele ni ndogo, na vijana wanaanza mapema. India ilipata dhahabu yake ya kwanza ya mtu mmoja kwenye Olimpiki kupitia bunduki hii, kwa Abhinav Bindra, Beijing 2008. Paris 2024, dhahabu ya wanawake ilikwenda kwa Ban Hyo-jin wa Korea Kusini akiwa na miaka 16.

Sasa linganisha na London 2012 kwenye kulala. Martynov alikuwa na miaka 44. Aliyepata shaba, Rajmond Debevec wa Slovenia, alikuwa na 49. Kulala ulikuwa mchezo wa watu wazima, unaolipa subira ya miaka. Ulipoondoka, njia yao ya Olimpiki ilifungika.

Hoja ya usawa ilikuwa ya haki, hilo silipingi. Ila dawa iliyochaguliwa inashangaza. Zamani wanawake na wanaume walishindana pamoja kwenye bunduki za Olimpiki. Montreal 1976, Margaret Murdock wa Marekani alifungana alama na mwenzake Lanny Bassham kwenye mikao mitatu, akapewa fedha baada ya karatasi za shabaha kukaguliwa upya. Bassham alimvuta wakasimama wote juu ya jukwaa la dhahabu. Kwa hiyo kulala kungeweza kufunguliwa kwa wote, badala ya kufutwa.

Bisley, ambako kulala bado ni ufalme

Nje ya Olimpiki, ramani inabadilika. Uwanja wa Bisley, kusini mwa Uingereza, ndio nyumbani kwa bunduki kubwa za masafa marefu tangu 1890. Kabla ya hapo mashindano yalikuwa Wimbledon, ambako mwaka 1860 Malkia Victoria alifyatua risasi ya kwanza kwa kuvuta kamba ya hariri, bunduki ikiwa imefungwa kwenye kitegemeo.

Zawadi kubwa ya pale huitwa ya Malkia au ya Mfalme, kutegemea nani yuko kwenye kiti. Hatua ya mwisho hupigwa yadi 900 na 1,000, karibu kilomita nzima, mlengaji akiwa amelala, bila darubini kwenye bunduki. Wanawake na wanaume wanashindana kwenye orodha moja. Marjorie Foster aliichukua mwaka 1930, mwanamke wa kwanza, na mshindi hubebwa juu ya kiti kama bwana harusi.

Usidhani huko kuna amani. Pembeni yao wapo wa bunduki za yadi 1,000, 1,100 na 1,200, wenye ngao yao ya Elcho inayogombewa tangu 1862. Hao darubini ni ruksa, na kwa mila yao wapo waliokuwa wakilala chali, miguu ikielekea shabaha. Ukiwaona mara ya kwanza utadhani mtu ameanguka.

Halafu ikaja F-Class. Jina linatokana na George Farquharson wa Kanada, mlengaji ambaye umri ulipomwelemea alitaka kuendelea kupiga akitumia darubini na kitegemeo. Wazo lilikuwa la huruma: macho yakichoka, usirudishwe nyumbani. Lakini likakua likawa mchezo kamili wenye mashindano ya dunia. Kuna kundi la miguu miwili ya mbele na risasi za aina mbili tu, na kundi la wazi ambalo bunduki yake inafika kilo 10.

Wa mkanda wakasema: huyo hapigi, anaegesha. Wa F-Class wakajibu kwa kupunguza duara la katikati likawa nusu ya upana. Tumewekewa shabaha ndogo, wanasema, na upepo wa yadi 1,000 hauna huruma kwa darubini ya mtu. Ukweli ni kwamba mkanda unapima mwili na upepo pamoja, F-Class inapima zaidi upepo na utengenezaji wa risasi. Kumwita mmoja mwizi wa mchezo ni uonevu.

Shabaha ya jirani

Ugomvi wa vifaa si wa leo. Septemba 1874, uwanja wa Creedmoor karibu na New York, Waayalandi walikuja na bunduki za kushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Wamarekani walikuwa na zile mpya za kujaza risasi kwa nyuma. Kabla ya siku hiyo wengi waliamini za nyuma haziwezi kuwa na usahihi uleule. Wamarekani wakashinda, 934 kwa 931.

Lakini Waayalandi walikuwa na la kusema. Mlengaji wao mmoja, Milner, alipiga katikati kabisa ya shabaha ya jirani. Akapewa sifuri. Katikati wakati huo ilikuwa pointi 4, na tofauti ya timu ilikuwa 3.

Miaka 130 baadaye, Athens 2004, Matthew Emmons wa Marekani aliongoza fainali ya mikao mitatu kwa pointi 3, akabakiwa na risasi moja. Alikuwa njia ya 2, akapiga shabaha ya 3. Sifuri, nafasi ya nane. Siku chache kabla alikuwa ameshinda dhahabu ya kulala.

Kwa sasa, kulala mita 50 bado kupo kwenye mashindano ya dunia ya ISSF, kwa wanaume na wanawake. Bunduki kubwa za mtindo wa Bisley zilikuwa na mlango mmoja wa kuonekana na watu wengi, Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambayo Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda hushiriki. Mara ya mwisho zilisikika Gold Coast 2018. Birmingham 2022 iliacha kulenga shabaha kote, upepo na baruti pamoja, na Glasgow 2026 nayo haikuuweka mchezo huo kwenye orodha yake.