Faiba inayohisi: safari ya kupima haraka kwa data kidogo

Hapa Nyamisangura, Tarime, ukitaja faiba watu wanawaza intaneti. Lakini uzi huohuo wa kioo unaweza kuhisi joto na mvutano kwenye urefu wake wote. Ilianzaje?

Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walionyesha kwamba kioo kikiwa safi vya kutosha kinaweza kubeba mawasiliano mbali. Hata hivyo, mwanga kidogo hutawanyika njiani na kurudi ulikotoka. Mwaka 1976 Barnoski na Jensen waligeuza hasara hiyo kuwa kipimo: tuma mpigo wa mwanga, pima unachukua muda gani kurudi, utajua kilichotokea kiko wapi. Ni kama mwangwi wa mlimani. Mwaka 1989 Wajapani Horiguchi na Tateda wakaonyesha njia ya kutumia mtawanyiko wa Brillouin, ambao masafa yake hubadilika uzi ukivutwa au ukipata joto.

Shida ikawa muda. Hebu tupige hesabu. Ndani ya kioo mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi kilomita 50 ni nusu milisekunde. Si kitu! Ila mrejesho ni hafifu, lazima urudie, tuseme mara 1,000, na upime masafa 100 tofauti. Jumla: sekunde 50 kwa jibu moja.

Mwaka 2006 wanahisabati Candès, Romberg, Tao na Donoho walichapisha kazi zilizofungua mlango: ishara yenye mambo machache ya msingi inaweza kurejeshwa kamili kwa vipimo vichache. Watafiti wa faiba wakaichukua. Pima masafa 30 badala ya 100, kompyuta ijaze yaliyobaki, na sekunde 50 zinakuwa 15.

Kwetu hili si la maabara tu. Bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limepangiwa faiba kandokando ya bomba ili kugundua uvujaji. Mkulima mwenye kisima jirani anataka jibu mapema.

Lakini angalia hapa: kompyuta hujaza mapengo kwa kuamini kwamba sehemu jirani zinafanana. Uvujaji unaoanza ni kitu kidogo, kisichofanana na jirani yake. Ukipunguza vipimo kupita kiasi, unaweza kuufuta kama kelele. Ndiyo maana swali gumu leo ni kujua data gani usiiguse.